Bwana Tak na Namba ya Upole

Ijumaa ya tarehe thelathini na moja mwezi huu, Bwana Tak Byeong-ho wa chumba cha seva anatimiza miaka ishirini na sita ya utumishi katika kampuni yetu ya Dalmaru, na anastaafu rasmi akiwa na umri wa miaka sitini. Hafla itafanyika ghorofa ya tisa, pale pale tunapofanyia kila kitu. Kama ilivyo desturi, atakabidhiwa ufunguo wa dhahabu wenye jina lake. Haufungui mlango wowote, lakini unang'aa. Keki za mchele zimeshaagizwa. Mhariri wa jarida hili ameniomba mimi, Ok Hyeon-suk wa dawati la wachezaji, niandike wasifu wake, tena kwa uchangamfu. Nitajaribu.

Alikuja kwetu mwaka 1999, baada ya benki aliyokuwa akiitumikia kufungwa pamoja na nyingine nyingi katika msukosuko wa uchumi. Mtaa wetu wa Gasan wakati ule ulikuwa bado wa viwanda vya nguo, ukifungua dirisha unasikia cherehani. Waliofukuzwa kazi walikuwa wakifungua vibanda vya michezo ya kompyuta kila kona, na wenzao waliofukuzwa kazi ndio waliovijaza. Sisi tuliwapa cha kucheza. Mchezo wetu wa kwanza uliitwa Ngome ya Mawingu, na maelfu ya watu waliingia humo kwa pamoja kupigana, kuuziana kofia za chuma, kuchumbiana na kutukanana. Meneja wa siku zile alimuuliza Bwana Tak swali moja tu: "Unapenda michezo?" Akajibu, "Hapana, bosi." Meneja akasema, "Basi umepata kazi. Hawa wengine wote wanacheza tu."

Wazee wenzangu watakumbuka siku tuliyofunga seva mpya za kwanza. Tukaweka kichwa cha nguruwe mbele ya mitambo, kinatabasamu vizuri kabisa, tukainama mmoja mmoja kuomba mitambo isife. Mkurugenzi wa mauzo, kwa moto wa ibada, akachukua bakuli la pombe ya mchele akaanza kuinyunyiza kwa ajili ya mizimu. Bwana Tak, mtu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa, alipiga kelele iliyofika kwenye lifti: "Mizimu ikanywe nje! Nje, jamani, hapa kuna nyaya!" Tangu siku ile mizimu ya Dalmaru hunywea kwenye ngazi.

Kwa vijana waliojiunga juzi, nieleze kazi yake. Seva ni mtambo mmoja wenye shughuli nyingi, na kila shughuli inataka ihudumiwe kwanza. Mtu lazima aamue nani apite, na nani aruhusiwe kugusa nini. Kwenye hilo la ruhusa Bwana Tak alikuwa mkali kama pilipili. Mtu mmoja aliwahi kuwasha mchezo mzima kwa kutumia ufunguo mkuu, yaani ile ruhusa ya juu inayofungua kila kitu ndani ya mtambo, eti ndiyo njia rahisi. Bwana Tak akamkalisha chini. "Mpishi anahitaji kisu na sufuria," alimwambia. "Wewe umempa na hati ya nyumba." Akaupa mchezo chumba chake wenyewe, usiweze kufungua cha jirani. Miaka michache baadaye mwizi aliingia kupitia kisanduku cha soga cha wachezaji. Akajikuta amefungiwa katika kichumba kisicho na kitu, akaondoka na soga za watu wanaobishana kuhusu supu. Kampuni mbili za jirani hazikuwa na bahati hiyo.

Yeye ndiye aliyependekeza ufunguo mkuu usikae mfukoni mwa mtu yeyote, ukae kwa kamati ya usalama, na anayeuhitaji aombe. Kamati ilipoundwa, alikuwa wa kwanza kusalimisha wake. Aliukabidhi kwa mikono miwili, akainama. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Hapa uchangamfu unaanza kunipungukia, mhariri anisamehe.

Miaka miwili iliyopita kampuni ilikuwa inazindua mchezo mpya, Joka la Chuma, na ukawekwa kwenye mitambo ile ile ya Ngome. Aliyeuongoza ni Pyo Sang-jun, ambaye siku hizi ni mkurugenzi. Pyo alifundishwa kazi na Bwana Tak kuanzia kuwasha taa. Kwenye chakula cha jioni cha kampuni, mbele ya nyama inayochomeka, alipiga goti akammiminia pombe ya soju kwa mikono miwili, akageuka pembeni kunywa yake kama adabu inavyotaka. "Kaka mkubwa," akasema, "nipishe wikendi moja tu. Watu wakifurika siku ya kwanza na Joka likiganda, mimi nimekwisha." Sasa niambieni, nani kati yenu angekataa? Mdogo wako amekuita kaka, glasi imejaa, meza nzima inatazama.

Kila shughuli kwenye seva ina namba. Sisi humu tunaiita namba ya upole. Kawaida ni sifuri. Ukiiongeza, shughuli yako inakuwa na adabu zaidi na kupisha wengine, na ukifika kumi na tisa, ambayo ndiyo namba ya juu kabisa, unahudumiwa wote wakishashiba. Kuiongeza kwa shughuli yako mwenyewe huhitaji kibali cha mtu. Kuipunguza ndiko kunakotaka ufunguo mkuu. Kushuka kwenye foleni ni hiari, kupanda ni kwa kibali. Mtambo ndivyo ulivyoumbwa, na naona walioutengeneza walikuwa wanaifahamu Korea.

Bwana Tak angeweza kuweka tano, ikatosha. Akaweka kumi na tisa. Nilipomuuliza, alisema, "Ukimpisha mtu mlangoni, husimami katikati ya mlango." Na kwa kuwa seva huzimwa na kuwashwa upya kila Alhamisi, akaiandika namba hiyo katika faili la kuwashia mchezo, isije ikajifuta kabla ya wikendi. Wikendi ikapita, Joka likasimama vizuri, Pyo akapanda cheo. Juma lililofuata kamati ya usalama ikachukua mafaili yote ya kuwashia. Bwana Tak akabaki na ruhusa ya kulisoma faili aliloliandika mwenyewe. Kuliandika, hapana.

Akaomba namba irudishwe. Akajibiwa asubiri. Akaomba tena. Pyo akikutana naye kwenye korido alisema, "Tutarudisha, kaka, tutarudisha," na nadhani kwa miezi ya kwanza alimaanisha. Baadaye akawa anapanda ngazi badala ya lifti.

Huku Ngome ikawa inaganda. Mchezaji anainua upanga, upanga unabaki juu. Anabofya mlango, mlango unamfikiria. Simu zote zilikuja kwenye dawati langu, na zilizonishinda nilimpelekea Bwana Tak mwenyewe. Mpigaji simu mmoja hakuwa na mpinzani. Ni mama anayeuza kachumbari na mboga za chumvi katika soko la Gunsan, amecheza Ngome tangu mwaka wa kwanza, na jina lake humo ndani ni Figili Chungu. Kibandani kwake kompyuta iko nyuma ya mapipa ya kimchi, kabichi yake ya chumvi na pilipili.

"Wewe Tak!" alikuwa akipaza sauti mpaka mimi namsikia kwenye meza ya pili. "Nimeganda hapa darajani tangu nilipoanza kumenya vitunguu. Vitunguu vimekwisha, mimi bado niko darajani! Unataka nijenge nyumba hapa?"

"Samahani sana, mama. Nalishughulikia."

"Unalishughulikia na nini, kijiko?"

Akicheka, Bwana Tak alikuwa anacheka kweli. Kisha anaweka simu chini, na uso unarudi vile ulivyokuwa. Watu wa Ngome walikuwa wanaondoka, mmoja mmoja, na wengi hawakupiga simu. Yule mama alibaki. Alisema marafiki zake wote wako humo, sokoni ana wateja tu.

Kwa hiyo jambo lilikuwa moja, na kila mtu wa ghorofa ya tisa alilijua: namba ile isiporudi sifuri, Ngome itakufa, na itakufa ikisemwa kwamba wachezaji wameichoka.

Mwaka jana hatimaye ombi lake lilifika kwenye kikao cha Mwenyekiti. Mwenyekiti wetu, mnamjua, ana miaka sabini na tano, aliijenga kampuni hii kwa mikono yake na hajawahi kukaa kwenye kiti cha chumba cha seva. Ukutani pakaonyeshwa jedwali. Joka la Chuma, sifuri. Ngome ya Mawingu, kumi na tisa. Mwenyekiti akavaa miwani, akatazama, akafurahi.

"Mnaona jinsi kampuni hii inavyowaheshimu wazee?" akasema. "Ngome imepewa kumi na tisa! Joka, linalotulisha sote, lina sifuri na wala halilalamiki. Tak, ndugu yangu, kumi na tisa yote hiyo, unataka nini tena?"

Mnaelewa kilichotokea? Aliisoma kama alama za mtihani. Chumba kizima kilijua, na chumba kizima kikaanza kutazama chupa za maji. Pyo alikuwa anajua kuliko wote. Nilimkanyaga Bwana Tak mguu chini ya meza. Akasimama, akafunga kifungo cha koti, akainama.

"Asante, Mwenyekiti," akasema. Akakaa.

Nilimfuata mpaka kwenye mashine ya kahawa. "Bwana Tak, wewe una akili kweli? Si ungemwambia tu!"

"Bi Ok, mtu wa umri ule. Mbele ya vijana wa mauzo. Nimwambie kasoma kinyume?"

"Ndiyo! Umwambie!"

"Nitatafuta wakati mzuri. Na wewe usimwambie. Niahidi."

Ala! Nikaahidi. Wakati mzuri aliutafuta mwaka mzima. Mara Mwenyekiti ana wageni, mara ametoka hospitalini, mara ni sikukuu ya mavuno na si adabu kumletea mtu shida. Wahenga wanasema mstahimilivu hula mbivu. Huyu alistahimili mpaka zikaoza. Na wahenga hao hao wanasema heshima si utumwa, lakini hiyo hakuna aliyemkumbusha.

Agosti likatoka tangazo: Ngome ya Mawingu itafungwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Bwana Tak kustaafu, kwa sababu ya kupungua kwa wachezaji. Mtu wa mauzo aliona ni vizuri vitu viwili vya kizamani viondoke kwa pamoja. Alilisema kama pongezi.

Mimi ahadi yangu niliivunja Septemba, na siombi radhi. Kikaoni, Mwenyekiti alikuwa amerudia tena, kwa huzuni ya kweli, kwamba hata baada ya kupewa kumi na tisa Ngome imeshindwa. Nikanyanyuka. "Mwenyekiti, unisamehe. Kumi na tisa ni mwisho wa foleni. Ngome imekuwa ya mwisho kwa miaka miwili. Bwana Tak alimpisha mkurugenzi Pyo wikendi moja, na hakuna aliyemrudisha."

Mwenyekiti alivua miwani. Masikio yake yakawa mekundu. Akamtazama Pyo, na Pyo akatikisa kichwa kukubali, macho mezani. Kisha akamgeukia Bwana Tak, na sauti yake haikuwa ya Mwenyekiti tena, ilikuwa ya mzee aliyeumia.

"Tak. Kwa nini hukuniambia?"

"Sikupata nafasi nzuri, Mwenyekiti."

"Miaka ishirini na sita. Hukupata nafasi."

Bwana Tak akainama. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Mwenyekiti alitia saini kibali alasiri ile ile. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Wachezaji walikuwa wametangaziwa, mitambo ilikuwa imeahidiwa mchezo mwingine, vijana wa Ngome wameshahamishiwa idara nyingine. Kilichowezekana ni siku moja tu, ya mwisho. Kamati ingempa Bwana Tak ufunguo mkuu Jumamosi ile mchana, aurudishe kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Wengi wenu hamkuwepo, ni Jumamosi, mlikuwa milimani na makoti yenu ya rangi. Nitawasimulia. Alivaa suti. Pyo alikuja bila kuitwa, akasimama nyuma ya kiti chake kama enzi zile anafundishwa.

"Kaka," Pyo akasema, "ukiwa na ufunguo unaweza kuishusha namba hata chini ya sifuri. Ipitishe mbele ya Joka langu. Leo nimekubali, likiganda ligande."

"Sifuri inatosha," Bwana Tak akasema. "Mimi nilikuwa naomba foleni, sikuwa naomba kupita mbele ya mtu."

Akaandika sifuri. Akawasha upya. Mimi nilikuwa nachungulia Joka la Chuma kwenye skrini nyingine, nikingoja litikisike. Halikutikisika hata kidogo, jamani. Mtambo ulikuwa na nafasi ya wote wawili. Inawezekana ulikuwa nayo siku zote, hakuna aliyewahi kupima. Pyo naye aliliona. Akatoka hadi kwenye korido akasimama huko muda mrefu, na aliporudi alikuwa amenawa uso.

Wachezaji walirudi kuaga. Walioacha zamani walitafuta maneno yao ya siri wakayapata. Daraja likajaa watu mpaka huoni mbao. Na mambo yalikuwa yanakwenda! Upanga ukiinuliwa unashuka. Milango inafunguka. Watu walikuwa wanarukaruka kwa furaha ya kuruka tu, watu wazima wenye wajukuu. Bwana Tak alikuwa ameingia kama msimamizi, mwanaserere mwenye joho jeupe, amesimama katikati ya daraja, na watu wanamwinamia wakipita. Alikuwa anatabasamu. Nilidhani siku itaisha hivyo, na nikafurahi kwa ajili yake.

Figili Chungu akafika, amevaa kofia ya majani. Alikimbia daraja lote kutoka mwanzo hadi mwisho, akarudi, akakimbia tena. Kisha akasimama mbele ya joho jeupe, na chini ya skrini yakatokea maneno yake:

"Kumbe mlikuwa mnaweza."

Hakutukana, na mama yule anajua kutukana. Bwana Tak aliweka vidole kwenye kibodi. Akaandika neno, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta. Nilimwambia, "Mwambie ukweli, mwambie hukuruhusiwa." Akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Nitamwambiaje, Bi Ok? Kwamba niliona haya?" Saa ikafika. Akaizima Ngome kwa mkono wake mwenyewe, akauondoa ufunguo kwenye jina lake, akamkabidhi mtu wa kamati kwa mikono miwili. Akainama. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

Kwa hiyo lile neno halikujibiwa, na kwa kuwa nimepewa ukurasa, nalijibu mimi. Ndiyo, mama. Tulikuwa tunaweza. Ilihitaji mtu mmoja aseme sentensi moja, na sisi tuliojaa kwenye chumba kile tulimwachia aiseme yule ambaye tulijua hawezi.

Ndugu wafanyakazi, tunamshukuru Bwana Tak kwa mitambo isiyoibiwa, kwa mafunzo, kwa uvumilivu ambao hatukuustahili. Kuanzia mwezi ujao atakuwa Boeun, kwenye shamba la kunazi la shemeji yake. Bwana Tak, tunakuombea afya, mavuno mazuri, na siku ndefu zisizo na simu. Kesho asubuhi nampigia mama wa Gunsan kumweleza kila kitu, jina kwa jina. Najua utanikasirikia. Nikasirikie basi, kwa sauti, mbele za watu.